Mafuta Yamechakachuliwa!

Mama mkwe wangu ni mtu mpole, hapandishi sauti hata siku moja. Akikuona umekosea anaguna tu, "Mh," na hiyo "mh" moja inatosha kukukosesha usingizi siku tatu.

Siku hiyo nilikuwa namvusha kutoka Utende kwenda Juani, kule Mafia, kwenye harusi. Boti yangu, mashine ya kupachika ya HP 15. Ndani yumo yeye, mashangazi wawili wa mke wangu, gunia la mchele, majogoo wanne waliofungwa miguu, na nahodha wangu, mzee aliyeanza kuvua Ghuba ya Chole mimi sijazaliwa. Usukani niliushika mwenyewe. Mbele ya mkwe utamwachiaje mtu mwingine?

Hatujafika usawa wa Chole, mashine ikakohoa. Ikashika, ikakohoa tena, ikazima katikati ya mlio kama msemaji aliyepokonywa kipaza sauti. Na maji yalikuwa yanakupwa. Anayeijua ghuba ile anajua maana yake: maji yakitoka huvuta kuelekea mlango wa Kinasi, na nje ya Kinasi ni bahari kuu, hakuna harusi huko. Nahodha hakungoja kuambiwa, akatosa nanga.

Nikavuta kamba. Nikavuta mpaka bega likaanza kunisema. Nikaiminya ile pampu ya mpira ya mafuta mpaka ikawa ngumu kama ndimu changa, nikavuta tena. Kimya. Majogoo tu ndio waliojibu.

"Wamenichakachulia," nikatangaza.

Neno hilo halihitaji tafsiri. Mwaka 2010 ndipo yalipoanza mambo ya kutia vinasaba kwenye mafuta, yaani alama ya kemikali ya kuyatambua yaliyochanganywa, mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili wanaoyachanganya na petroli au dizeli wakose faida. Yote hayo niliwaeleza mashangazi, kwa kirefu, boti ikiyumba. Kisha nikatoa simu, nikaweka spika, nikampigia kijana aliyeniuzia petroli Kilindoni asubuhi ile.

"Mwizi wewe!"

"Kaka, subiri kwan..."

"Nisubiri nini? Wewe una mkwe? Unajua mkwe wangu yuko wapi saa hizi?"

Nikakata. Shangazi mmoja akasema, "Umemweza." Nikajisikia mwanamume.

Nahodha alikuwa keshafungua plagi zote mbili, zimelowa chapachapa. Nikachomoa kiberiti nizikaushe. Sikuuona hata mkono wake ulivyokuja. Nilichokiona ni kiberiti changu kikielea baharini. "Na petroli imetapakaa hivi, bwana mkubwa?" Halafu, kwa upole zaidi: "Lete chupa."

Akakata chupa ya maji ya plastiki, akalegeza skrubu ndogo iliyo chini ya kabureta, akakinga. Tukainamia wote. Juu ilikaa petroli na rangi yake ya oili. Chini kulikuwa na vitone vya duara, vyeupe, vinakimbizana kama shanga zilizokatika uzi. Vikagusana, vikawa tone moja nene.

"Maji," akasema nahodha. "Ni mazito, yanalala chini, na mpira wa tangi unanyonya huko huko chini."

"Kanitilia maji, mshenzi yule!"

Mama mkwe akanyoosha mkono, akachovya kidole mpaka chini, akalamba, akatema mate pembeni, akajifuta kwa kanga.

"Si ya bahari haya. Maji baridi." Akanitazama. "Mwanangu, lile dumu ulilonunulia petroli si ndilo ulilolisuuza jana pale kisimani?"

Ndilo. Tena nililisuuza mbele yake, nikimhubiria kwamba uchafu ndio unaoua mashine za watu. Nikalitikisa, nikalimwaga, nikalifunga kifuniko papo hapo vumbi lisiingie. Kulipindua likauke, sikukumbuka.

"Mh," akasema.

Nahodha akafuta plagi, akachota petroli ya juu juu kwenye tangi, akaijaza chupa mbili za lita moja na nusu na kuziacha zitulie kwa muda. Kisha akauchomoa mpira kwenye tangi, akauingiza kwenye chupa, ncha isifike chini. Mvuto wa tatu mashine ikawaka na moshi tele. Usukani sikurudishiwa. Mimi nilipewa kazi ya kushika chupa wima, kama muuguzi aliyeshika dripu, na kila wimbi likipiga nahodha ananikumbusha, "Usitikise."

Tunakaribia Juani, simu ikaita. Yule kijana wa petroli. Nikasema mikono yangu ina kazi, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa.

Mama mkwe akaichukua simu magotini pangu, akabonyeza pa kupokelea, akabonyeza na spika, akanisogezea mdomoni.

"Zungumza naye, mwanangu," akasema. Mashangazi wakasogea karibu.