Je, Newlands alionewa?

Tarehe 1 Machi 1866, mkemia John Newlands alisimama mbele ya Chama cha Wakemia cha London na jedwali lake. Alikuwa amezipanga elementi kwa uzito wa atomi, kuanzia nyepesi, akagundua kwamba ukianza kuhesabu na yoyote ile, ya nane inashabihiana nayo: lithiamu, sodiamu, potasiamu. Akaiita kanuni ya oktavu, kama ngazi za sauti katika muziki. Mjumbe mmoja, George Carey Foster, akamuuliza kama amewahi kujaribu kuzipanga kwa alfabeti. Chama kikakataa kuichapisha mada. Miaka mitatu baadaye Dmitri Mendeleev wa Urusi akatoa jedwali lililompa umaarufu, na tangu hapo Newlands husimuliwa kama kijana aliyezimwa na wazee wenye kiburi.

Kejeli ilikuwepo, haifichiki. Lakini wasimuliaji huishia kwenye alfabeti, wakaacha hoja ya pili ya Foster: mpango gani huu unaotenganisha elementi zinazoshabihiana, manganizi na kromiamu, na chuma na nikeli na kobalti? Hapo alikuwa na haki. Oktavu zilikwenda vizuri hadi kalisi, kisha zikavurugika. Chuma kiliangukia safu ya oksijeni na salfa. Kobalti na nikeli zilibanwa katika nafasi moja, tena chini ya florini na klorini! Kwa elementi 60 na ushei zilizojulikana wakati ule, kupata mfuatano wa kuvutia hakukuwa kazi ngumu, na mwenye shaka alikuwa na sababu ya kuuliza kama hii ni kanuni au bahati tu.

Linalonisumbua zaidi ni Newlands mwenyewe. Mwaka 1864 alikuwa ameandika kwamba kati ya silikoni na bati kuna elementi isiyojulikana, yenye uzito wa karibu 73. Elementi hiyo, jerimaniamu, ilipopatikana mwaka 1886, uzito wake ulikuwa kama 72.6. Utabiri wa namna hiyo ndio uliombeba Mendeleev, aliyeacha nafasi wazi kwa elementi zisizojulikana na kuzitetea. Newlands, kwenye jedwali alilowapelekea wakemia, alizijaza zote.

Basi shaka ilikuwa halali. Kutochapisha ndiko nisikokubali. William Odling, mmoja wa vigogo wa chama hicho, alieleza mwaka 1873 kwamba mada za nadharia tupu huzaa mabishano. Sababu dhaifu, hasa ikitoka kwa mtu ambaye naye alikuwa amechapisha mpangilio wake wa elementi mwaka 1864. Na mabishano ndiyo Newlands aliyoyahitaji: angebanwa kuhusu chuma na kobalti hadharani, huenda angezirudisha zile nafasi wazi. Medali ya Davy, tuzo ya kemia, aliipata mwaka 1887, miaka mitano baada ya Mendeleev na mkemia Mjerumani Lothar Meyer. Aliyeitoa ni Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, si Chama cha Wakemia.