Mdruidi anaanika kanzu yake uani, mzee wetu anapaka mvi rangi

Juni tarehe 21 nilikesha penye mawe makubwa ya kale ya Stonehenge pamoja na maelfu ya watu, tukingoja jua lichomoze. Aliyenipeleka ni mama mmoja ninayefanya naye kazi ya kuhudumia wazee huku kusini mwa Uingereza. Yeye ni Mdruidi, mfuasi wa dini inayofuata nyayo za makuhani wa kale wa Uingereza. Alilelewa kanisani, akatoka, akasoma miaka kadhaa, akaamua kwamba njia yake ni hii ya kuheshimu jua, mito na miti. Kanzu yake nyeupe ya ibada anaifua na kuianika uani, majirani wakiiona.

Kanzu ile kwenye kamba imenikaa rohoni. Mimi ni Mgiriama wa Kilifi, na kwetu wazee wanapaka mvi zao rangi nyeusi, kwa sababu kichwa cheupe kimeshatosha kumfanya mtu aitwe mchawi na kukatwa panga. Mara nyingi chanzo si uchawi hata kidogo, ni shamba. Wajukuu wanataka kuuza, mzee hataki.

Waingereza walifuta sheria yao ya uchawi ya 1735 mwaka 1951. Ile waliyotuwekea Kenya mwaka 1925 walituachia. Mwaka 2010 mamlaka ya mashirika ya hisani ya Uingereza ikausajili mtandao wa Wadruidi kama shirika la dini. Na serikali ya Uingereza hiyohiyo ndiyo iliyoilipua Kaya Fungo, msitu wetu mtakatifu, kwa baruti mwaka 1914, baada ya mama yetu Mekatilili wa Menza kuwaamsha Wagiriama waupinge ukoloni.

Wadruidi wa kale hawakuandika mafundisho yao, yakapotea nao. Mengi yanayofanywa leo yalibuniwa baadaye. Iolo Morganwg, mshairi wa Wales, alifanya sherehe yake ya kwanza Primrose Hill, London, mwaka 1792, na mengi aliyatunga mwenyewe. Siwadharau kwa hilo. Nimemwona mwenzangu akilia jua lilipotokeza, na yale yalikuwa machozi ya ibada. Lakini wao wanakusanya vipande, na sisi tunao wazee walio hai wanaojua msitu upi usikatwe na kwa nini. UNESCO iliziandika kaya zetu kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Wazee wenyewe nani anawalinda?

Mwenzangu aliniuliza kwa nini nisichague njia ya babu. Nilimjibu kwamba kaya haichaguliwi na mtu peke yake. Unazaliwa katika ukoo, unapikwa na wazee miaka mingi, wao ndio wanaosema umeiva. Uhuru wake wa kujichagulia siuonei wivu. Ninachowaonea wivu ni mwanga wa mchana: kuabudu bila kuangalia nyuma.

Desemba nilikwenda nyumbani. Baba mdogo alinivisha kaniki, tukavua viatu, tukaingia msituni. Tulipotoka aliniomba jambo moja: nikiandika, nisitaje jina lake wala la kijiji.