Binti alirithi. Mama je?

Habari ya David Dickson, tajiri wa pamba wa Hancock County katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, husimuliwa sana kama habari ya baba aliyempenda binti yake kuliko alivyoogopa maneno ya watu. Alifariki mwaka 1885. Wosia ulipofunguliwa, ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya mali yake, yenye thamani ya zaidi ya dola 300,000, amemwachia Amanda America Dickson, mtoto aliyezaa na kijakazi. Makumi ya ndugu zake Wazungu wakakimbilia mahakamani kuupinga. Wakashindwa mwaka huohuo, wakakata rufaa, wakashindwa tena 1887.

Wanaomsifu Dickson wana hoja. Mabwana wengi wa pamba walizaa na vijakazi wao, na watoto hao wakahesabiwa pamoja na ng'ombe na nyumbu, au wakauzwa. Yeye alimlea wake ndani ya nyumba, baadaye binti akasoma Atlanta University, na katika wosia akaziba kila mwanya: mali iwe mikononi mwa Amanda mwenyewe, asiiguse mume yeyote. Huo haukuwa upendo wa mdomoni.

Ila mimi kila mara hukwama kwenye tarehe. Dickson alizaliwa 1809. Julia Frances Lewis, mama yake Amanda, alizaliwa Julai 1836. Amanda alizaliwa Novemba 1849. Toa mwenyewe. Julia alijifungua akiwa na miaka 13, na mimba aliichukua akiwa na 12, naye bwana anakaribia 40. Kizazi chao kimehifadhi jinsi ilivyokuwa: Dickson alimkuta mtoto huyo akicheza shambani, akamnyanyua, akampakia nyuma yake juu ya farasi. Basi.

Wapo wanaomwita Julia mpenzi wake. Mtoto wa miaka 12, ambaye kisheria ni mali ya Elizabeth, mama mzazi wa mwanamume huyo, akikataa atakwenda kushtaki wapi?

Amanda alipoachishwa ziwa, akachukuliwa kwenda kulelewa na Elizabeth. Bibi akamlea mjukuu wake chumbani mwake huku akimmiliki, yeye na mama yake, mpaka alipokufa mwaka 1864. Msomaji wa pwani yetu atashangaa. Unguja, kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru na akarithi. Ndivyo wana wa Seyyid Said waliozaliwa na masuria walivyoweza kukalia kiti cha baba yao. Sisemi Unguja ilikuwa pepo kwa watumwa, wala kwamba suria aliulizwa ridhaa yake. Nasema Georgia mtoto alifuata tumbo la mama, hata baba angekuwa nani. Ndiyo maana wosia wa Dickson ulikuwa jambo zito, na hilo nampa.

Lakini Julia hakuwa kivuli katika habari ya baba na binti. Alikua akawa msimamizi wa nyumba, mshika funguo wa maghala, na kwa masimulizi ya ukoo wake hakumsamehe Dickson maisha yake yote. Alikaa, akashika alichoweza kushika, na mwanawe akawa karibu na macho yake. Kuita hayo mapenzi ni kumdhulumu mara ya pili. Ndugu waliopinga wosia nao walikuja na lao: eti mama na binti ndio waliomtawala mzee mpaka akapoteza uamuzi wake. Aliyenyanyuliwa shambani akiwa mtoto, sasa ndiye anayeshtakiwa kwa kumlazimisha bwana! Akasimama kizimbani Sparta, makao ya kaunti, akatoa ushahidi mbele ya baraza la wanaume Wazungu watupu.

Amanda akapata haki yake, akanunua nyumba nzuri mtaa wa Telfair, mjini Augusta, akaishi humo mpaka kifo chake mwaka 1893. Mahakama ya juu ya Georgia, ilipothibitisha wosia, ilisema haki alizonazo suria mweupe na watoto wake ni haki za suria mweusi pia na watoto wake. Kwa maneno hayo binti akabaki na mashamba, na mama, aliyepakiwa juu ya farasi akiwa na miaka 12, akaandikwa suria.