Kikombe ndo kimenimwagia, sijajikojolea

Naanza na la muhimu ili hata asiyemaliza kusoma aondoke nalo: YALE NI MAJI. Maji safi kabisa, yametoka kwenye jagi la kioo, mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Ile picha mliyoiona kwenye stetasi ya yule niliyekuwa namwita rafiki ni ya kweli, suruali ni yangu na sura ni yangu, ila maneno aliyoyaandika chini yake ni uzushi mtupu. Tangu juzi simu haijatulia. Shangazi yangu kanipigia kwa sauti ya upole ambayo hajawahi kuitumia kwangu, akaniuliza kama nimeshawahi kwenda kupima sukari. Shangazi!

Sasa nisikilizeni na mimi.

Mnaonijua mnajua ugonjwa wangu ni vitu vya ubunifu. Wenzenu wanakesha na mpira, mimi nakesha natazama taa iliyotengenezwa ikatengenezeka, kiti kinachosimama kwa miguu miwili, kikombe ambacho mtu alikaa akakifikiria. Kwa hiyo niliposikia kuna maonyesho ya vitu vya namna hiyo, na vingine unaruhusiwa kuvishika, nikamburuza huyu jamaa. Yeye hakutaka hata kidogo. Kanifuata kwa sababu nilimwahidi lifti ya kurudi, na hilo ndo kosa la kwanza: usiende kwenye raha yako na mtu aliyekuja kwa ajili ya lifti, maana muda wote atakuwa anatafuta cha kujiliwaza.

Nikavaa kadeti mpya. Kijivu mpauko. Wenye kadeti za kijivu mpauko mnajua tone moja tu la maji linavyoonekana kama ramani ya bara zima.

Kuingia tu nikawa mwalimu. Sikuombwa, ni damu tu. Kulikuwa na birika ambalo mpini na mdomo viko upande mmoja, yaani ukitaka kumimina unajimiminia mwenyewe, nikamwambia hili wazo ni la Mfaransa Jacques Carelman, 1969, alichora vitu kibao visivyo na faida yoyote, na birika hili ndo lilikuja kuwekwa kwenye kava la kitabu cha Don Norman, yule mtaalamu anayeandika kuhusu ubunifu wa vitu vya kila siku. Halafu kulikuwa na picha ya kikombe, sahani na kijiko, vyote vimevishwa manyoya, kazi ya Meret Oppenheim ya 1936. Wanasema alikuwa amekaa mgahawani Paris na Picasso, utani ukaanzia kwenye bangili yake ya manyoya, wakafika kwamba manyoya unaweza kuvisha kitu chochote, yeye akajibu hata hiki kikombe. Na akakivisha kweli. Pembeni pasi ya Man Ray, 1921, imepangwa misumari kwenye uso wake wa kunyooshea. Jamaa akaangalia akauliza, "Sasa inapigaje shati?" Nikamtazama kwa huruma.

Tatizo ni kwamba nina sauti. Nilipogeuka nikakuta kuna watu kama sita, saba, wananifuata, wananisikiliza, wamedhani mimi ndo muongozaji wa pale. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima na mjukuu wake, mabinti wawili wanaandika kwenye simu zao ninayosema (wanaandika, nyie! maneno yangu!), na baba mmoja anatikisa kichwa kila nikipumua. Mtu mwenye akili timamu angesema samahani jamani, mimi mgeni kama nyinyi. Mimi nikaongeza sauti.

Tukafika kwa msanii Marcel Duchamp. Lile sinki la haja ndogo la wanaume, picha yake ndo walikuwa wameiweka pia kwenye kava la kipeperushi cha maonyesho, kikubwa, kizito, kila mtu kapewa mlangoni. Kipeperushi hiki kikumbukeni. Nikawaeleza: mwaka 1917 Duchamp alichukua sinki la kawaida, akalilaza chali, akaliandika "R. Mutt 1917", akaliita Chemchemi, akalipeleka kwenye maonyesho New York ambayo yalishatangaza kwamba mtu akilipa ada tu kazi yake itapokelewa, na bado wakaligomea. Lenyewe lilishapotea, haya yaliyoko makumbusho leo yalitengenezwa baadaye kwa idhini yake. Mama mtu mzima akasema, "Kumbe hata choo ni sanaa." Nikamwambia mama, inategemea nani anakitazama. Sentensi hii jamaa anairudia kila anaponiona, sasa hivi natamani ningekuwa bubu siku ile.

Halafu ndo nikajichimbia kaburi. Nikawaambia huyu Norman niliyemtaja anafundisha kwamba mlango ukihitaji kuandikiwa "sukuma", basi kosa si la mtu aliyeuvuta, ni la aliyeubuni. Kitu kilichobuniwa vizuri kinakuonyesha chenyewe cha kukifanyia. Mpaka hapo niko sahihi. Ila nikapiga hatua moja mbele ambayo Norman hakunituma, nikasema, "Ndo maana mimi vibandiko vya maelezo sivisomi kabisa. Nakiacha kitu kiongee."

Kikaongea.

Meza iliyofuata ilikuwa na kikombe cha udongo, jagi la maji na trei, na kibandiko ambacho nilikipa mgongo kwa madaha. Kikombe chenyewe ni cha ukubwa wa kikombe cha chai, ila katikati kuna kinguzo kinasimama kutoka chini, kimeishia kichwa cha mviringo, na ukutani kwa ndani kuna mstari umechorwa kuzunguka. Nikajiambia ni pambo. Nikakishika, nikawageukia watu wangu, nikakiinua usawa wa tumbo, hapa, juu kidogo ya mkanda, mkono wa pili nikachukua jagi.

Nikamimina hadi kwenye mstari. Kimya. "Mnaona? Kikombe tu." Watu wakatikisa vichwa.

Na hapo yule dada anayesimamia meza akafungua mdomo, "Kaka, usipi..." nami nikamnyooshea kiganja, kile cha ngoja-kwanza, kama trafiki. Nikaendelea kumimina. Maji yakapita mstari. Yakafunika kichwa cha kinguzo. Nikaweka jagi chini, nikavuta pumzi ya kuanza sentensi mpya.

Baridi.

Jambo la kwanza nililowaza ni jasho. Msinicheke, ubongo ukiwa mbele ya watu unatafuta majibu ya karibu. Halafu baridi ikateremka, ikageuka upande wa kushoto, ikatafuta paja. Nikachungulia kikombe nikaona maji yanashuka. Yenyewe. Bila haraka, bila kelele, kama mtu anayeondoka msibani bila kuaga. Nikapapasa chini ya kikombe kwa kidole nikakuta tundu.

Wadau, naapa, sikuwaza kwamba tundu ni la kwake. Niliwaza nimekitoboa. Kikombe cha maonyesho, sijui cha karne gani, mimi nimekitoboa kwa mkono, na watu saba wananitazama. Kwa hiyo nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye aibu angefanya, nikaficha ushahidi. Nikakibana kikombe kwenye mwili. Yaani nikakikumbatia pale pale mbele ya zipu, nikatabasamu, nikaendelea na mhadhara. Sijui nilikuwa nasema nini. Nadhani nilisema "udongo ni udongo".

Kidole kikiwa kimeziba tundu maji yanasimama. Vizuri. Ila nikaona kikombe kimepungua nusu, na watu wataniuliza maji yameenda wapi, kwa hiyo (hapa ndo huwa nasimama nikikumbuka, nafunika uso kwa mto) kwa hiyo nikachukua jagi nikaongeza. Nikaongeza MAJI. Kwenye kitu kinachovuja. Ili isionekane kinavuja. Na kwa kuwa jagi la kioo ni zito nikahamisha mkono, kidole kikaachia, na yale yote, ya zamani na mapya, yakapata njia. Kwenye mkono wa shati, kwenye mkanda, kwenye kadeti, mguu wa kushoto mpaka soksi. Kilipomaliza kikakoroma kidogo, krrr, kama mtu anayevuta tone la mwisho kwa mrija. Hakikuacha kitu ndani.

Ukumbi mzima kimya. Nimesimama na kikombe kikavu na suruali mbichi.

Mjukuu akamvuta bibi yake, akauliza kwa sauti ya mtoto anayedhani ananong'ona, "Bibi, na huyu naye ni wa maonyesho?" Bibi hakumjibu. Alinisogelea, akanigusa bega, akasema taratibu, "Pole mwanangu, na choo kiko pale kushoto."

Dada wa meza, Mungu ambariki, alitaka kunitetea. Ila alinitetea kwa sauti ya kitaalamu. Akatangaza kwamba hiki kinaitwa kikombe cha Pythagoras, yule yule wa pembetatu mliyemsoma shuleni, wanasimulia kwamba alikibuni kuwaadhibu walafi, na kule kisiwani kwao Samos watalii wanauziwa mpaka leo. Ndani ya kinguzo kuna mfereji umejificha, unaanzia chini, unapanda, unakunja juu, unashuka hadi tundu la kitako. Ukiishia kwenye mstari, maji hayafiki kwenye kona, unakunywa salama. Ukipitisha, maji yanaimwagikia ile kona, na yakishaanza kushuka yanavuta wenzao wote mpaka ndani kukauke, ni kama mnavyonyonya mafuta kwenye tangi kwa mpira. Akatafuta mfano mwingine ili mama mtu mzima aelewe, akaupata: "Hata vyoo vingi vya kuvuta vinafanya kazi hivi hivi."

Asante dada. Kati ya mifano yote duniani.

Nikajifunika na kitu cha karibu, kipeperushi. Na sikuangalia kava. Kwa hiyo ile picha mliyoiona, aliyopiga mtu wa lifti huku analia kwa kicheko, ni mimi nimesimama, kadeti imelowa kuanzia mkanda hadi soksi, na mbele ya zipu nimeshikilia kwa mikono miwili picha kubwa ya sinki la kukojolea. Kaandika chini yake: "Alilipata, ila kachelewa."

Nakiri imeandikwa vizuri. Hilo ndo linaloniuma zaidi.

Yaliyobaki ni mafupi. Nilikimbilia mlango wa kutokea, una mpini mkubwa wa kuvuta, nikavuta, nikavuta tena kwa hasira, ulikuwa wa kusukuma, na ndiyo, ulikuwa umeandikwa. Mabinti wawili waliokuwa wanaandika maneno yangu sijui walifuta au walihifadhi. Kwenye gari nilikalia kipeperushi. Jamaa alicheka mpaka nikamshusha njiani, akashuka bado anacheka, kumbe alikuwa anashuka na picha.

Ila sasa niwaambie kitu, na wenye namba yake kaeni kimya. Usiku ule sikulala, si kwa aibu tu, ni kwamba kile kikombe ni kizuri mno. Hakina betri, hakina valvu, hakina kipande hata kimoja kinachotembea, ni udongo na tundu na kona, na kimemsoma mtu kama mimi mpaka ndani. Nimeanza kutengeneza cha kwangu. Unachukua kikombe cha plastiki, unatoboa kitako, unapitisha mrija ule wa kukunjika, unaukunja ndani mdomo wake uangalie chini karibu na kitako, unaziba pembeni kwa gundi. Cha kwanza kilivuja kwenye gundi. Cha pili mrija ulikuwa mrefu, kona ikapita ukingo wa kikombe, maji yakamwagika juu bila kushuka. Cha tatu nimekivisha kikombe cha nje kinachokifanana ili mrija usionekane kwa chini, nacho nimekitoboa, na ndani nimeusitiri kwa kinguzo cha udongo nilichokifinyanga mwenyewe, kimekaa kama pambo. Kimekaa vizuri mno, yaani mpaka nimekipiga picha.

Jamaa anakuja Jumamosi, nimemwambia yaishe, tuongee kiume, nitamkaribisha kinywaji. Hili andiko hatalisoma, maandishi marefu hayawezi, ataishia kwenye kichwa cha habari acheke arudi kulala. Na kikombe nimekibandika kibandiko kabisa, kimeandikwa wazi usipitishe mstari, nisije nikaambiwa sikumtahadharisha.

Nimemwomba avae kadeti.