Anayesoma uhifadhi Dodoma aanzie Kondoa

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haitulii. Vijana wa nyumbani Mpwapwa wanataka kujua: "Kaka, hii kozi ya uhifadhi wa maliasili inalipa?" Waulize wameipendea nini, utaambiwa Serengeti, tembo na magwanda ya jeshi usu, yaani askari wa uhifadhi. Siwalaumu. Televisheni zetu zenyewe zikitaja uhifadhi, zinaonyesha simba. Kuhusu kulipa, jibu langu ni fupi: nafasi za kazi za TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (wanyamapori) na TFS (misitu) zikitangazwa, waombaji ni wengi mno, kwa hiyo asiingie mtu kwa kutegemea gwanda.

Kinachonikera zaidi ni kingine. Mtu anakaa miaka mitatu kwenye chuo cha umma Dodoma, anasoma uhifadhi, anahitimu, na Kondoa hajawahi kukanyaga. Ni kilomita 160 hivi, lami tupu.

Kondoa ninayoisema ni ile ya makorongo. Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO kama wazee wanavyouita mpaka leo. Milima ya Irangi ilikuwa imebaki mifupa: udongo umekwenda na maji, makorongo yanakula mashamba, mchanga unafukia mabonde. Mradi ukachimba makinga maji, ukapanda miti, na mifugo ikaendelea kupita humohumo. Mwaka 1979 ikatoka amri kwamba mifugo yote iondoke. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda, katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi zikarudi, vichaka vikafunga, makorongo mengi yakatulia.

Kwenye mtihani, jibu hilo lingepata alama zote. Ila ng'ombe hawakuyeyuka. Walipelekwa kwa jamaa na maeneo ya jirani, nako kukaelemewa. Nyumba zilizozoea maziwa na samadi zikakosa vyote, na maji yaliyokuwa yakibebwa na punda yakarudi vichwani mwa akina mama. Ufugaji wa zizini uliruhusiwa karibu miaka kumi baadaye. Kwa hiyo ardhi ilipona, na kuna watu walioigharamia bila kuulizwa. Mwanafunzi akikaa na mzee aliyeswaga ng'ombe wake mwaka ule, atajifunza jambo ambalo slaidi haziwezi kumpa.

Halafu aende Kongwa au Chamwino akaone Kisiki Hai. Hapa hakuna amri wala miche. Mkulima anatafuta shambani kisiki kilichokatwa zamani ambacho mizizi yake bado iko hai, anachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, anakata mengine, anapogoa matawi ya chini, kisha anafunga kitambaa ili mchungaji ajue kwamba mti huo una mwenyewe. Basi. Mizizi imeshazama, haisubiri kumwagiliwa. Dodoma inapata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na bado tunapenda kupanda miche kwa sherehe, mgeni rasmi akiwa na kopo la maji, kisha Agosti hakuna anayerudi kuihesabu. (Picha, lakini, huwa nzuri.)

Na kuna mkaa. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu wapatao 411,000 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Wote hao wanapika. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi naunga mkono. Lakini yule anayechoma mkaa kwa sababu mtama umekauka shambani hatarajii mtungi wa gesi umlipie ada ya mtoto. Mhitimu asiyeweza kukaa naye kwenye kigoda wakazungumza bila kumtisha, hata akijua majina yote ya kisayansi ya migunga, atamsaidia nini?

Ninachoomba kwa vyuo hakihitaji bajeti mpya. Mafunzo kwa vitendo kwa kawaida huangukia kiangazi, wakati ardhi ya kwetu inaonyesha madonda yake yote. Badala ya kundi zima kugombea ofisi za hifadhi za kaskazini, nusu yao wapangiwe kamati za mazingira za vijiji vya Kondoa, Chemba, Bahi na Kongwa, na wengine Manyoni kwenye vichaka vya Itigi, uoto ambao ni nadra sana duniani na ambao wengi wao wanaupita usingizini ndani ya basi la Tabora. Na ile ripoti ya mwisho, inayoandikwa kwa Kiingereza, ikafungwa vizuri na kulazwa kabatini, isomwe kwanza kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wanakijiji waulize maswali. Msimamizi wa chuo atoe alama baada ya hapo.