Presha ya Mgonjwa wa Figo Ipimwe Usiku Kwanza

Kila nikisikia mgonjwa wa figo ameambiwa ahamishie vidonge vyake vya presha usiku, najiuliza: nani aliyempima akiwa usingizini?

Kwa kawaida presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 mtu anapolala. Wengi wenye ugonjwa sugu wa figo hawapati nafuu hiyo, na wapo ambao presha yao hupanda usiku. Kliniki mgonjwa anapimwa asubuhi, namba zinapendeza, anapongezwa. Kumbe usiku kucha moyo, ubongo na vichujio vya figo vimekuwa vikiumia. Kipimo cha saa 24, kile cha mkanda wa mkononi unaojijaza hewa wenyewe hata mtu akilala, ndicho kinachofichua hali hii, na inaniuma kuona bado kinachukuliwa kama anasa.

Ile imani kwamba dawa za presha zikimezwa usiku humlinda mgonjwa zaidi ilipata nguvu sana mwaka 2019, utafiti wa Hygia wa Hispania ulipodai faida kubwa mno, kiasi cha wataalamu wengi kuutilia shaka. Mwaka 2022 ukaja utafiti wa TIME wa Uingereza, wenye washiriki zaidi ya 21,000: waliomeza asubuhi na waliomeza jioni hawakutofautiana kwa mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo. Ila kwangu mimi uzito uko kwenye utafiti mdogo zaidi, uliochapishwa mwaka 2013, wa Wamarekani weusi wenye ugonjwa wa figo uliohusishwa na presha. Walihamishiwa dawa usiku, wakajaribiwa pia kuongezewa dozi za usiku. Presha yao ya usiku haikushuka kwa kiwango cha maana.

Tatizo kubwa, naona, ni chumvi. Figo iliyodhoofika haimalizi kuitoa mchana, hivyo kazi hiyo inaendelea usiku, na presha inabaki juu ili kuisukuma itoke. Ndiyo maana nazitetea dawa za kukojoza. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba zile za kundi la thayazaidi hazina kazi figo zikishafika hatua ya 4, yaani zikishadhoofika sana. Mwaka 2021 utafiti wa CLICK wa Marekani ukaonyesha vingine: klothalidoni, dawa inayofanana na za kundi hilo, ilishusha wastani wa presha ya juu (ile namba ya kwanza ya kipimo) ya saa 24 kwa takriban milimita 11 za zebaki ndani ya wiki 12. Haitolewi kiholela, kwani inaweza kushusha potasiamu na kupandisha kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi), hasa kwa anayetumia tayari dawa nyingine ya kukojoza. Damu ipimwe mara kwa mara.

Kuna pia dawa zinazoipandisha presha kimyakimya: dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, stiroidi, hata sindano za kuongeza damu. Na anayekoroma na kukatika pumzi usingizini achunguzwe, kwani hali hiyo nayo hupandisha presha.

Mgonjwa asijibadilishie saa za dawa mwenyewe. Daktari naye, akishabadilisha, arudie kipimo cha saa 24 badala ya kuridhika na namba ya asubuhi.