Karo bila ti
Ramani iliyogongwa muhuri halmashauri inaonyesha karo la maji taka la vyumba viwili, cha kwanza kikubwa mara mbili ya cha pili. Fundi anachimba shimo moja, anamwaga zege juu, basi. Mfuniko wa kukagulia hakuna. Siku gari la maji taka likija, mnatafuta nyundo.

Halafu ti ya inchi 4, kile kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, kwenye bomba la kutokea, kitu cha bei ya soda chache, hawaweki! Bila hiyo, mafuta na utando unaoelea vinapita moja kwa moja hadi shimo la kunyonyea, yaani lile ambalo maji yake huzama ardhini, udongo unaziba, na hakuna gari linalozibua udongo. Tope likifika theluthi ya kina cha karo, ita gari. Na hiyo dawa ya chooni mnayomimina chupa nzima? Inaua bakteria wanaomeng'enya kinyesi.